Mji Usio na Bawabu

Kila kichwa ni mji, na anayebisha na aweke mkono juu ya utosi wa mtoto mchanga aone kama hatasikia nyundo. Pale juu, penye ngozi laini inayopanda na kushuka, ndipo penye paa ambalo halijafunikwa bado. Watu husema ni mapigo ya damu. Sawa, waseme. Mwanaheri hakuwa mtu wa kubishana, ila siku alipolaza sikio juu ya utosi wa bintiye alisikia mafundi wakiitana, akasikia mmoja wao akitukana kwa sababu chokaa imechelewa, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia kitu.

Nchi yenyewe haina jina. Si kwamba limesahauliwa. Wenyewe hawakuona haja ya kuwa nalo. Saa za huko zina kiburi, asubuhi hukaa inavyopenda, na mtoto aweza kuzaliwa leo akaota meno jana. Mwanaheri aliolewa na Shaame, mtoto wa ami yake, siku moja ya jua kali, na kabla jua lilelile halijatua alikuwa amebeba mimba, amejifungua na amelia. Tusiulizane vipi. Tuulizane jambo moja tu, lile lililomkaa Mwanaheri kooni: je, huyu Tunu wake atafika kuwa na akili yake mwenyewe, au atabaki nje ya akili, mlango umemfungia, mfano wa shangazi yake?

Maana shangazi mtu alikuwapo, na kila aliyepita alimwona. Biubwa, dada yake Shaame, mwanamke mzima, nywele nyekundunyekundu katika ukoo wa nywele nyeusi tii. Alikaa barazani akiyumba mbele na nyuma, akivumisha sauti moja isiyo na neno. Hakuwahi kumwita mtu kwa jina. Ukimpa ua, atalitazama mpaka linyauke mkononi. Mama yake, Bi Mize, alimwogesha, akamsuka, akamlisha minofu aliyowanyima wanawe wengine, na watu walipouliza alijibu kwa mkato, “Mungu kampenda hivyo.” Na Bi Mize hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili.

Tunu alikuwa bado mwekundu wa uzazi pale daktari alipomchoma kisigino, akadondosha damu kwenye karatasi, akaiinua kwenye mwanga, akavua miwani.

“Mama Tunu,” alisema, “mji wa mwanao hauna bawabu.”

“Bawabu gani tena?”

“Kila mtu ana bawabu mwilini mwake. Nyama, maziwa, mayai, maharage, vyote hivyo ni mawe ya ujenzi. Bawabu huyapokea, huyachonga, yanayotakiwa huyapitisha mjini, yanayozidi huyageuza kuwa kitu kingine. Sasa wa Tunu hayupo. Kiti chake kipo, kitupu. Mawe yatakuja mazimamazima, yatarundikana langoni, na hapo hata chokaa, hata mbao, hata maji ya mafundi havitapata pa kupita.”

“Na mji?”

“Hautajengeka.”

Mwanaheri alikitazama kifua chake, kilicholowa maziwa mpaka nguo imeganda. Aliuliza polepole, kwa sauti ya mtu asiyetaka kujibiwa, “Hata maziwa yangu?”

“Hata yako. Kidogo, kwa kipimo. Zaidi ya hapo atashiba kwa uji wa unga huu, na akianza kula, muhogo, ndizi na mapapai.” Daktari akafungua kopo. Harufu iliyotoka humo ilimfanya Shaame arudi nyuma hadi ukutani.

“Nani kamfukuza huyo bawabu?” Shaame aliuliza kwa hasira.

“Hakuna. Hebu toeni mlichonacho mfukoni.”

Wakatoa. Kila mmoja alikuwa na funguo mbili, mmoja mzima, mmoja hauna meno. Hawakuwa na habari, na wangejuaje? Mwenye ufunguo mmoja mzima hufungua maisha yake yote bila shida, wala haulizi ule mwingine ni wa nini. Lakini mtoto huchukua mmoja kwa baba na mmoja kwa mama, gizani, bila kuchagua, na Tunu alitoka na zile zisizo na meno, zote mbili. Shaame aliugeuzageuza ufunguo wake mbovu kiganjani. “Huu nilipewa nyumbani,” alisema, kisha akamkumbuka dada yake barazani.

Sasa desturi, kwani bila desturi hutaelewa balaa lilikotokea. Katika nchi ile mtoto hahesabiwi kuwa mtu mpaka Siku ya Kutega. Ukoo wote huketi kuzunguka sinia moja, mtoto husimama, hutega kitendawili ambacho hakufundishwa na yeyote. Wakishindwa kukitegua humpa mji, kama ilivyo ada ya vitendawili popote, ila kwao mji ule haukuwa mchezo wa maneno. Ukishapewa mji umekuwa mtu, una neno barazani, huondolewi. Asiyetega hubaki mtoto mpaka azikwe. Na ili mtoto afike siku hiyo ana nguvu, bibi yake humtafunia: huchukua mnofu, huutafuna mpaka ulainike, humtia mtoto kinywani. Asiyetafuniwa, walisema, hana ukoo.

“Muhogo!” Bi Mize aliposikia maneno ya daktari alipiga kofi la paja. “Mjukuu wangu ale muhogo na mapapai, na nyama imejaa ndani? Kwani sisi kima?”

“Mama, daktari kasema...”

“Daktari kazaa nani humu?”

“Mama, nakushika miguu. Ni kwa ajili ya kichwa chake.”

Bi Mize alimtazama mkwewe, akamtazama mtoto, akasonya. “Haya. Nimesikia.”

Alisikia kweli. Lakini kusikia na kukubali ni watoto wa mama mbalimbali. Kila Mwanaheri alipokwenda kisimani, Bi Mize alimchukua Tunu nyuma ya mlango, akamtafunia, huku machozi ya upendo yakimlengalenga, huku akimnong’oneza, “Kula, mwanangu, wasikuue kwa njaa.” Mapenzi yake yalikuwa ya kweli tupu. Ndiyo yaliyokuwa yanaua.

Siku moja mchana Mwanaheri alimwinua Tunu akaona shingo imelegea na macho yanamwangalia bila kumwona. Na kwenye ngozi, chini ya mafuta ya nazi, akanusa harufu. Harufu ya kabati la zamani lililofungwa na panya ndani. Aliijua. Alikuwa akiinusa kila alipomfunga Biubwa kitambaa kichwani.  Akalaza sikio kwenye utosi. Kimya. Hakuna nyundo, hakuna matusi. Akalaza shavu, akalaza paji la uso, akabonyea pale penye ngozi laini, akaingia mzimamzima.

Ndani kulikuwa na mji uliosimama nusu. Kuta changa, ngazi zisizofika ghorofani, vibaraza vilivyokuwa vinangoja watu wa kuvikalia. Na mawe! Mawe meupe yasiyochongwa, langoni, njiani, visimani, milangoni. Mafundi walikaa juu yake mikono mapajani. Mikokoteni ya chokaa ilikuwa imekwama nje ya lango, na ile chokaa ndiyo ya kupaka njia zote za mji ili habari zikimbie kutoka mtaa hadi mtaa. Bila chokaa, neno likitumwa kutoka jichoni halifiki ulimini. Mwanaheri aliliona neno moja limeanguka njiani, limechoka, halijui lilikuwa linakwenda wapi.

Msimamizi wa kazi alikuwa mwanamke mzee mwenye vumbi la chokaa hadi kwenye kope. Alikuwa na alama nyeusi juu ya nyusi ya kushoto. Tunu alikuwa nayo alama hiyo, mahali palepale.

“Wewe ndiye mama?” yule mzee alifoka. “Umechelewa!”

“Na wewe nani?”

“Mimi ndiye atakayekuwa, mji ukimalizika. Nina umri wa kucheka na wajukuu. Nina nyimbo nimezitunga mwenyewe. Usipomalizika, sikuwahi kuwapo.” Alinyoosha mkono, na Mwanaheri akaona mawe kupitia kwenye ule mkono, maana ulikuwa umeanza kufifia. “Usinililie hapa. Fanya kitu.”

Akafanya. Alifanya kile ambacho kila mama aliyetishika angefanya: alilifunga lango lote. Lisipite jiwe, hata kokoto. Tone la maziwa lisipite. Nifunge. Nifunge na hapa. Nyama, kaa huko. Maharage, mniwie radhi, kaeni huko. Na wewe titi langu, usinitazame hivyo, kaa huko. Nani anabisha hodi? Sifungui. Hata kama ni mimi mwenyewe ninayebisha, sifungui.

Kwa muda njia zilisafika, naye akashusha pumzi. Halafu akasikia nyundo, akafurahi, akakimbilia sauti. Lo! Mafundi walikuwa wanabomoa. Fundi hajui kukaa bure. Akikosa jiwe la leo anavunja ukuta wa jana. Nyumba alizoziona zimesimama zilikuwa zinashushwa jiwe kwa jiwe, na mawe yale ya ubomozi yalikuwa yanarundikana njiani upya, mengi kuliko ya kwanza.

“Binti yangu,” msimamizi alimwambia, safari hii bila kufoka, “yule anayetutafunia anatuzika, wewe unatufisha kwa njaa. Mawe tunayataka. Machache, kila siku, kwa kipimo, bila kuchoka. Hatukuomba lango lifungwe. Tuliomba bawabu.”

Mwanaheri alikitazama kile kiti kando ya lango. Kilikuwa kiti cha kawaida, cha miguu minne, kina vumbi. Alielewa kuwa atakayekikalia hataondoka tena. Atakula akiwa pale, atazeeka pale, sherehe za watu atazisikia kwa mbali. Aliogopa, msimwone shujaa sana. Kisha akapiga moyo konde, akafuta vumbi kwa upindo wa kanga, akakaa.

Aliporudi huku nje, nusu yake imebaki kitini, alikuwa amesimama mbele ya Bi Mize.

“Mama, nani kamtafunia mtoto?”

“Mimi,” Bi Mize alijibu, kidevu juu. “Na nitamtafunia tena.”

“Mama, nyama ndiyo iliyo...”

“Malizia.” Sauti ya Bi Mize ilishuka hadi ikawa ya kuogopesha. “Malizia, Mwanaheri. Nyama ndiyo iliyomfanya nini Biubwa? Ndiyo unayotaka kusema? Kwamba mimi, kwa meno yangu haya, nilimtafunia mwanangu ujinga? Kwamba ningemnyima, angeniita mama?”

 Biubwa aliacha kuvumisha. Jibu la Mwanaheri lilikuwa ndiyo, na ndiyo ile ilikuwa nzito kuliko mtu mmoja kuibeba. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi alikaa chini, akaushika mkono wa mama mkwe wake, akauweka juu ya kichwa cha Biubwa, katikati ya mistari ya nywele, pale palipokuwa na utosi zamani. Vidole vya Bi Mize vilikumbuka vyenyewe. Vilibonyea, wakaingia wote wawili.

Humo mawe yalifika kwenye mapaa. Mji ulikuwa umezikwa umesimama. Bi Mize alijua kila jiwe: hili la mbuzi wa arusi ya fulani, hili la kuku aliyemfuga mwenyewe, hili la supu ya siku Biubwa alipougua homa. Juu ya rundo walikaa mafundi wazee, ndevu hadi kitovuni, wanacheza bao kwa kokoto. Mmoja aliinuka akajipangusa.

“Karibu, mama. Tulijua utakuja.”

“Nimewaua,” alisema Bi Mize.

“Ebo! Wafu wanacheza bao? Tuko hai. Tumekosa njia tu.” Yule mzee aliokota jiwe, akalipapasa. “Kila moja hapa umelileta kwa mkono wako. Tulikuwa tukiyashika usiku yakitupa joto. Hukutukosea mapenzi, mama. Ulikosa wa kukwambia.”

Bi Mize, ambaye hakumlilia hata mumewe mbele za watu, alilia pale kwa sauti, akapiga magoti juu ya mawe yake mwenyewe. Alipomaliza alipenga kamasi, akalishika jiwe la karibu, akalibeba kichwani, akaanza kulitoa nje. Wale wazee waliacha bao. Mwanaheri naye akabeba la kwake.

Waliporudi barazani, jua lilikuwa palepale. Bi Mize alisema, bila kumtazama mkwewe, “Huko langoni kwa Tunu. Pana nafasi ya kiti kingine?”

Basi nchi ile haijapata kuona bawabu wa namna hiyo! Vigoda viwili viliwekwa mlangoni, Mwanaheri akapima, Bi Mize akalinda. Jirani aliyemletea Tunu mkate wa mayai alirudishwa nao mpaka mlangoni kwake, na mhadhara juu. Hata paka mnywa maziwa alihamishwa mtaa. Unga wa daktari Bi Mize aliuonja mwenyewe, akakunja uso, “Masalale! Hii lishe au adhabu?” kisha akamaliza kikombe kizima mbele ya Tunu ili mtoto asije akaona anateswa peke yake. Na Biubwa naye akakalishwa kwenye chakula hichohicho, muhogo na ndizi na ule uji unaonuka, kwani, alisema Bi Mize, kuchelewa si kukosa. Asubuhi ilisogea. Tunu alitambaa, akasimama, akauliza kwa nini, akauliza tena kwa nini, akauliza mpaka baba yake akajificha bandani. Kila kwa nini, Mwanaheri alisikia nyundo.

Ikafika Siku ya Kutega.

Ukoo ulijaa. Sinia likaletwa, na watu wakainua shingo kutafuta pilau. Kulikuwa na muhogo wa kuchemsha, ndizi, mapapai, basi.

“Siku ya Kutega bila nyama?” alinung’unika Ami Khatibu, mkubwa wa wanaume na wa tumbo.

“Khatibu,” alisema Bi Mize, “miaka yote tumewaambia watoto wasiokula chetu kuwa si wetu. Leo sisi tutakula cha mtoto, tuone kama sisi ni wake. Wewe tumbo lako lina bawabu. Kaa ule.”

Wakacheka, wakala. Katikati yao Mwanaheri alimwona bibi mmoja asiyealikwa na mtu, ana alama nyeusi juu ya nyusi, anatafuna muhogo kwa raha zake, na mikono yake haipitishi mwanga hata kidogo.

Tunu akasimama. Kanzu yake fupi, magoti yana vumbi. Alitazama miguu yake. Aliitazama sana, mpaka Mwanaheri akawa anasema moyoni, pita, neno, njia nimekusafishia, chokaa nimepaka, pita mwanangu.

“Kitendawili!” Tunu alipiga kelele.

“Tega!” Ukoo uliitika hadi vumbi likadondoka darini.

“Mlango wangu hauna komeo, wala jiwe halipiti bila ruhusa.”

“Jicho!” alisema mmoja.

“Siyo.”

“Konokono!”

“Siyo.”

“Kaburi,” alisema Ami Khatibu kwa uhakika.

“Ami, kaburini kuna mlango?”

Vicheko. Walijaribu, wakashindwa. Shaame alikuwa analia waziwazi wala hajifichi bandani.

“Nipeni mji,” alisema Tunu, mikono kiunoni.

Bi Mize akainuka, kwani yeye ndiye mkubwa wa ukoo. “Nakupa Mji wa Asali.”

Tunu akatikisa kichwa.

“Mdogo? Nakupa Mji wa Minara, na milango yake na watu wake.”

“Mji ninao, bibi,” alisema Tunu. “Huo mpe shangazi.”

Hakuna aliyetafuna. Mtu mmoja alitaka kusema haiwezekani, Biubwa hakutega, akatazamwa, akanyamaza.  Bi Mize akageuka akamwelekea binti yake mwenye nywele nyekundunyekundu, akasema kwa sauti iliyofika barabarani, “Biubwa, binti yangu, nakupa Mji wa Minara. Umeshapewa. Hakuna wa kukuondoa.”

Vigelegele vikapasua mchana. Wanawake walisimama, wanaume walipiga sinia kwa viganja, Ami Khatibu akasahau kuwa hajashiba. Mwanaheri alicheka na kulia kwa wakati mmoja, na katikati ya makelele yale alisikia nyundo bila kulaza sikio popote.

“Na jibu?” watu wakadai. “Jibu, Tunu!”

Tunu alinyoosha kidole mlangoni, kwenye vigoda viwili ambavyo havikuwahi kuhamishwa tangu vilipowekwa. “Mama na bibi.”

Biubwa alikuwa ameacha kuyumba. Alinyoosha mkono juu ya sinia, akachukua kipande cha muhogo, akakitazama kitambo. Kisha akakipeleka kinywani mwa mama yake. Bi Mize alikipokea, akatafuna.